Kusitiri Vyombo vya Nje: Tangi, Kiyoyozi, Dishi, Jenereta na Chemba

Mtu hujenga nyumba kwa miaka. Huchagua mlango wa mninga, hupaka ukuta rangi mara mbili, hupanda maua. Wiki ya kuhamia, fundi bomba anasimika tangi jeusi la lita 5,000 kando ya baraza, fundi kiyoyozi anafunga mashine juu ya dirisha la sebuleni, na wa dishi anatoboa kona iliyobaki. Hakuna aliyeharibu kazi yake. Kila mmoja alitafuta mahali penye bomba fupi, waya mfupi na ngazi fupi, na kila mara mahali hapo pakawa mbele ya nyumba.

Kijitabu hiki ni cha mwenye nyumba, mpangaji na fundi, hasa wa pwani na wa mijini. Shauri lake kubwa ni hili: kifiche chombo kwa macho ya mpita njia, lakini kiache kipumue na fundi akifikie. Maficho mengi tunayoyaona mitaani yanapendeza kwa mwezi mmoja, kisha mashine inaungua au ukuta unabomolewa ili bomba lipatikane.

Nyumba isiyo na vyumba

Jambo hili si geni duniani. Jijini London, mtaa wa Leinster Gardens, nyumba namba 23 na 24 zinafanana na jirani zake kwa nguzo, roshani na madirisha. Ukizunguka nyuma hukuti chumba hata kimoja, ni ukuta tu. Ulijengwa miaka ya 1860 reli ya chini ya ardhi ilipopitishwa hapo. Treni za wakati huo zilikwenda kwa mvuke na zilihitaji mahali pa wazi pa kutolea moshi. Wahandisi wakaacha tundu, wenye mtaa wakawekewa sura ya nyumba. Huko Brooklyn, New York, nyumba ya matofali ya 58 Joralemon Street nayo imeficha njia ya hewa ya treni ya chini. Angalia walichokifanya: hawakuziba tundu, walisimamisha ukuta upande wa mtaa na kuiacha hewa ipite.

Minara ya simu ilifuata baadaye. Mwaka 1992 mjini Denver, Marekani, mnara ulivikwa matawi ya bandia ukafanana na msonobari, na mwaka 1996 Cape Town ikapata mnara wenye umbo la mtende. Teknolojia hiyo imeenea, ingawa kwa maoni yetu haifanikiwi sana. Mtende wenye kimo mara mbili ya miti yote iliyouzunguka, usiotikisika hata kusi ikivuma, humfanya mtu autazame zaidi kuliko mnara mtupu. Ukificha kitu kwa kukigeuza kituko, umekitangaza.

Tangi

Kwanza fikiria mahali, rangi baadaye. Simama getini, kisha barazani, kisha kwenye dirisha unalopenda kukaa. Sehemu ya uwanja usiyoiona kutoka sehemu hizo tatu ndiyo ya tangi. Mara nyingi ni ubavuni, nyuma ya jiko au nyuma ya banda. Bomba litaongezeka mita chache. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kujenga ukuta wa kulificha tangi baadaye.

Tangi la juu ya paa ndilo gumu zaidi, kwa sababu nyuma yake ni anga, na jeusi juu ya anga huonekana kutoka mbali. Kama paa ni la zege, lirudishe nyuma ya ukuta wa ukingo wa paa, mbali na mtaa. Kumbuka uzito: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 2,000 likijaa ni tani mbili, mbali na uzito wa plastiki yenyewe. Usilihamishe kutoka juu ya nguzo hadi katikati ya paa kwa ajili ya sura tu kabla fundi mwashi au mhandisi hajasema zege litabeba.

Wengi hutaka kulipaka rangi. Weusi wa tangi la plastiki una kazi: huzuia mwanga usipenye ndani, na pasipo mwanga ukijani hauoti kwenye maji. Weusi huohuo huikinga plastiki isichakazwe na jua. Tena plastiki ya aina hii haishiki rangi. Rangi ya mafuta iliyopakwa bila praima yake maalumu hubabuka vipandevipande baada ya msimu mmoja wa jua. Ni bora kununua tangi la rangi unayoitaka toka mwanzo, au kuliacha lilivyo na kusimamisha kizuizi mbele yake.

Kizuizi kizuri ni tofali za matundu, zile za urembo, zilizojengwa kwa kimo cha tangi tu. Kingine ni fremu ya fito zilizopangwa wima kwa kuachana sentimita mbili. Ukipita kwa pembeni unaona fito tupu. Ukisimama mbele kabisa ndipo unapoliona tangi katikati ya mianya. Miguu ya fremu isizikwe kwenye udongo, mchwa wataila. Ikae juu ya vipande vya zege au mawe.

Mfuniko ubaki unafikika kwa ngazi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeieneza hutaga kwenye maji safi yaliyotuama, yakiwemo ya matangi na mapipa yasiyofunikwa vizuri. Tangi lililofichwa hata mwenyewe hawezi kuchungulia mfuniko wake ni hatari kwa jirani pia.

Kiyoyozi

Hapa ndipo makosa ni mengi, na tutakaa kidogo.

Mashine ya nje ya kiyoyozi kazi yake ni kutupa joto lililotolewa chumbani. Ukiijengea kisanduku, joto linazunguka humohumo na mashine inavuta tena hewa iliyokwisha kuitoa. Kompresa inafanya kazi muda mrefu zaidi, umeme unakwenda, na chumba hakipoi. Wapo wanaoita fundi aongeze gesi mara kwa mara kumbe tatizo ni kabati zuri la mbao walilolijenga wenyewe. Kipimo ni rahisi: washa mashine nusu saa, weka mkono mahali inapovutia hewa, nyuma na ubavuni. Ukihisi joto kuliko hewa ya uwanjani, kizuizi kimebana.

Fuata nafasi zilizoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kama kitabu kimepotea, acha sentimita 30 nyuma na pembeni, na mbele, feni inakopulizia, pasiwe na kitu ndani ya mita moja na nusu. Kizuizi kikae mbali zaidi ya hapo, kiwe cha luva au fito zenye mianya mipana, na juu pawe wazi. Kifungwe kwa bawaba na komeo, si kwa misumari, maana pwani hewa ya chumvi hula mapezi ya mashine na fundi hana budi kuyaosha kwa maji baridi mara kwa mara, umeme ukiwa umezimwa.

Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mji wa Kale wa Lamu ina shida yake. Ule uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, huu mwaka 2001. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Pita kichochoro chochote chenye nyumba za wageni, inua macho: mashine imening'inia kwenye vyuma viwili vilivyokwisha kushika kutu, mstari wa kahawia umeteremka ukutani hadi kwenye baraza, na kibomba cheupe kinadondosha maji tone kwa tone juu ya mabega ya wapitao. Bolti ndefu iliyopigwa kwenye ukuta wa aina hii hulegea, kwa sababu chokaa haikubani kama saruji. Halafu mtu huja kuziba ufa kwa saruji. Saruji huzuia unyevu usitoke, chokaa ya ndani inaoza polepole, na kipande kinaanguka chote.

Dawa ipo kwenye nyumba zenyewe. Nyingi zina uwanja wa ndani usioonekana mtaani, na baadhi zina paa la bapa. Weka mashine huko, isimame chini juu ya miguu ya mpira, isining'inie. Ikibidi kukaa upande wa mtaa, iwe ndani ya roshani, nyuma ya ukingo wa mbao zilizotobolewa kama zile za mashrabiya zilizowaficha watu wa nyumba huku upepo ukipita. Na kabla ya kutoboa chochote, omba kibali cha mamlaka ya hifadhi ya mji.

Yale maji ya kibomba yana faida. Katika unyevu wa pwani, chumba kimoja huweza kujaza ndoo kwa siku. Yaelekeze kwenye chungu cha myasmini. Hayafai kunywewa.

Dishi

Watu hupandisha dishi kwenye mlingoti mrefu wakidhani juu ndiko kwenye picha safi. Setilaiti za televisheni zimekaa juu ya ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini, na sisi tupo jirani na ikweta. Zile za nyuzi 36 mashariki, zinazotumiwa na nyumba nyingi, ziko karibu na utosi. Kwa hiyo dishi letu hutazama juu sana. Linaweza kukaa chini kabisa juu ya paa la bapa, nyuma ya ukuta wa kiuno, au hata uwanjani nyuma, mradi mti au paa lisilikinge upande wa anga linakotazama. Ukitaka kulipaka rangi, tumia isiyong'aa na isiyo na chembe za chuma, na usikiguse kichwa chake.

Rangi na mimea

Kila anayetaka kuficha kitu hukimbilia kijani. Kijani cha dukani kinaonekana vizuri masika, lakini kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka na vumbi limetanda, chombo kilichopakwa rangi hiyo kinawaka. Rangi ya udongo wa mahali pako au kijivu kilichochujuka hufanya kazi mwaka mzima. Iwe butu, mng'ao ndio unaolivuta jicho.

Mimea hushinda rangi, ila ichague kwa ukubwa itakaokuwa nao, usiangalie ule wa kwenye kopo. Mkarakara hupanda haraka kwenye nguzo za tangi na kukupa matunda ya pasheni. Mihina hukatwa vizuri ikawa ua. Minyaa iache mbali na mahali pa fundi: utomvu wake ukimwingia machoni ni hospitali. Usipande kitu kilichosongamana kiasi cha kushindwa kuona nyoka au mzinga wa nyuki kabla ya kuingiza mkono.

Mpangaji asiyeruhusiwa kujenga atumie vyungu vikubwa na fremu nyepesi ya kusogezwa. Siku ya kuhama anaondoka navyo.

Vitu visivyofaa kufungiwa

Jenereta hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na imewaua watu waliolala usingizi wao. Isiingizwe kwenye chumba, gereji wala kibanda kilichozibwa, na ikae angalau mita 6 kutoka milango na madirisha, moshi ukielekea nje. Kizuizi cha tofali za matundu pande mbili kinatosha. Makuti kamwe, kwa sababu bomba la moshi la jenereta huwa la moto sana.

Mtungi wa gesi ya kupikia ukiwa nje, sanduku lake liwe na matundu chini, karibu na sakafu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini. Sanduku lenye matundu juu tu linaikusanya. Lisikae karibu na chemba wala mtaro.

Mita ya umeme, iwe ya LUKU Bara au ya TUKUZA Zanzibar, ni mali ya shirika. Usiipake rangi, usiifungie kwa kufuli, usiguse sili. Unachoruhusiwa ni kupanda kichaka kifupi mbali kidogo, au kupaka rangi ukuta wako ulioizunguka. Mita ya maji ikiwa shimoni, mfuniko wake uonekane na usizikwe chini ya kokoto.

Chemba

Mifuniko ya zege katikati ya uwanja huwaudhi wengi hata wakaifunika kwa udongo na kupanda mwembe. Miaka kumi baadaye mizizi imepasua ukuta wa shimo, na gari la kunyonya maji machafu limefika getini bila anayekumbuka pa kuchimba. Panda ukoka au mchaichai kuzunguka mfuniko, kwa kuwa mizizi yake haiendi chini sana. Juu ya mfuniko weka chungu ambacho watu wawili wanaweza kukisogeza. Bomba la hewa liache wazi; unaweza kuliegemeza ukutani na kulipaka rangi ya ukuta.

Kabla ya kuficha chochote kilicho ardhini, kipime: mita ngapi kutoka kona ya nyumba, mita ngapi kutoka ukuta wa uzio. Andika kwa rangi ndani ya mlango wa stoo, au chora kwenye karatasi uiweke pamoja na hati ya nyumba. Yeyote atakayeinunua nyumba baada yako ataikuta humo.