Mgeni, Ndugu na Mshahara wa Jioni

Andiko la somo: Kumbukumbu la Torati 24:14–15 na 28:13, 15, 43–44



Katika kesha la mwisho wa mwezi uliopita kijana wetu mmoja alisimama kuomba. Ni yule ambaye kanisa lilimchangia karo mpaka akamaliza chuo kikuu na shahada ya biashara. Huu ni mwaka wa nne anazunguka na bahasha ya vyeti, Jogoo Road hadi Industrial Area, na deni la HELB liko palepale. Akaomba huku analia: "Bwana, wageni wamekuwa kichwa, sisi tumekuwa mkia. Waondoe!" Kanisa likaitikia amina. Mimi nilifungua kinywa, lakini amina yangu haikutoka.

Nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza tusimdharau huyo kijana kana kwamba anaota. Pita Umoja au Kayole asubuhi uone. Warundi wanatembeza njugu na kahawa, Wakongomani wako kwenye cherehani na vinyozi, Waganda wameajiriwa kazi za nyumba. Juni 2019 serikali ilitangaza kuwarudisha kwao Wachina waliokutwa wakiuza sokoni Gikomba bila kibali, na Februari 2023 wafanyabiashara wa jijini waliandamana kwa jambo hilohilo. Watu wanaumia. Mtu aliye na digrii akikosa hata kazi ya kubeba karai, ana haki ya kuuliza.

Tuje kwenye Neno. Sisi Wapentekoste tunaipenda sana Kumbukumbu 28:13, ile ya kichwa wala si mkia. Tumeiandika mpaka kwenye matatu. Kijana alikuwa anaomba juu ya mstari wa 43 na 44, ambapo mgeni anapanda na mwenyeji anashuka, mgeni anakopesha na mwenyeji anakopa. Ni andiko la kweli. Ila mstari wa 15 unasema wazi laana hizo zinampata nani: asiyeshika amri. Amri zipi? Hapo ndipo tunaporuka. Rudi nyuma sura nne tu, usome 24:14–15. Musa anakataza mtu kumwonea kibarua maskini, awe wa kwenu au awe mgeni aliye mjini mwako. Anataka alipwe siku hiyohiyo kabla ya giza, kwa sababu roho yake iko kwenye hiyo pesa, na akimlilia Mungu, wewe uliyemnyima utahesabiwa dhambi.

Angalia vizuri: ndugu na mgeni wako kwenye mstari mmoja. Kwa miaka mingi nilidhani Musa anatufundisha huruma tu. Ni mjengo ulionifungua macho.

Mimi ni mkandarasi mdogo, wale wa kupewa kazi na mwenye ploti. Tulikuwa Kayole tunapandisha nyumba za kupangisha, orofa ya tano. Mtu wa mkono nilikuwa namlipa shilingi 700 kwa siku. Kijana huyu alinijia pale, ameficha bahasha yake kwenye koti, akasema, "Mzee, hata karai nitabeba." Nikamwambia nafasi zimejaa, tuendelee kuomba. Zilikuwa zimejaa kweli. Nilikuwa nimechukua Warundi watatu kwa shilingi 400 kila mmoja. Hawakuwa na karatasi, kwa hivyo nilijua hawangenishtaki popote. Nikichelewesha malipo ya Jumamosi mpaka Jumanne, walinyamaza. Mara moja tu mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Bosi, leo hakuna hata ya unga?" Nikamwambia avumilie. Kesho yake, Jumapili, nilikuwa zamu ya kuhesabu sadaka.

Mpendwa, Mrundi hakumnyang'anya kijana wetu kazi. Mimi ndiye niliyeiuza, kwa shilingi 300 kwa siku. Kama ningewalipa wote 700, nisingekuwa na sababu ya kumpita ndugu yangu. Wangeshindana kwa mikono yao. Nilipomdhulumu mgeni, ndugu naye nilimfungia mlango kwa mkono uleule. Musa aliliona hilo kabla hata Nairobi haijajengwa.

Sheria ya nchi nayo haijanyamaza. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa uraia wake, na inataka kazi yenye thamani sawa ilipwe sawa. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, na Burundi imo. Wala usinijibu kwamba hao hawana kibali. Aliyewaajiri bila kibali naye amevunja sheria. Mimi nilivunja.

Najua kuna atakayesema: Mzee, hata mshahara ukiwa sawa, nafasi ni chache na mmoja atakosa. Ni kweli. Mstari huu hautajenga viwanda, na aliyesomea biashara hakusoma ili aje abebe karai. Hilo tuwadai viongozi, na tuwadai kwa sauti. Lakini kuna karatasi nyingine hapo madhabahuni, orodha ya mabinti zetu walio Saudia na Qatar. Usiku uleule wa kesha tuliwataja kwa majina, tukamsihi Mungu awaguse waajiri wao wawalipe na wasiwashikie pasipoti. Huko wao ndio wageni wa bei rahisi. Dakika kumi baadaye tukaomba Mrundi aondolewe.

Jumatatu iliyofuata niliwatafuta watu wangu. Wawili niliwapata, nikawalipa tofauti ya siku 19, shilingi 5,700 kila mmoja. Mmoja alizihesabu mara mbili kisha akaniuliza kama namfukuza. Wa tatu, yule wa unga, alihama. Wengine wanasema yuko Kitengela. Simu yake haipatikani, na pesa zake ziko kwenye bahasha ndani ya kabati langu. Nikisoma mstari wa 15 siwezi kuumaliza haraka.

Kijana nilimwambia yote. Alinyamaza, halafu akasema, "Kwa hivyo mzee, wakati ule uliniambia tuombe…" Hakumaliza. Bado anakuja ibadani, lakini siku hizi anakaa viti vya nyuma.

Jumatano, kwenye ushirika wa nyumbani, tusome Ruthu sura ya 2, tuone Boazi aliwaagiza nini vijana wake juu ya yule mwanamke Mmoabu. Kila mwenye dada wa kazi, bawabu au kibarua aje ameandika kwenye kikaratasi anamlipa ngapi, na mara ya mwisho alimlipa tarehe gani.