Kadi yako na kompyuta ya kliniki



Ndugu wanaohudhuria Kliniki ya Tiba na Matunzo (CTC) hutuuliza: "Kwa nini habari zetu ziingizwe kwenye kompyuta? Je, siri zetu zitabaki siri?" Mwezi huu tujifunze jambo hilo.

Kadi mbili
Mpango wa taifa wa kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI (ARV) ulianza hapa Tanzania mwaka 2004. Kila mgonjwa hupewa namba yake na kadi ya CTC1, ambayo hukaa nayo. Kadi ya CTC2 hubaki kliniki. Humo tunaandika uzito, dawa, majibu ya vipimo na tarehe ya kurudi. Habari hizo ndizo zinazoingizwa kwenye kompyuta.

Kompyuta yasaidia nini?
Wagonjwa wakiwa 50, muuguzi aweza kupekua kadi moja moja. Wakiwa 1,000 hawezi. Kompyuta hutuonyesha upesi:
1. Nani hakufika siku yake. Akizidisha siku 28, huhesabiwa kuwa amekatiza matibabu. Virusi huongezeka tena na vyaweza kuwa sugu.
2. Nani anatakiwa kupimwa wingi wa virusi. Mtu aweza kuonekana mnene na mwenye nguvu, kumbe dawa haifanyi kazi.
3. Mtoto gani wa mama mwenye virusi hajapimwa. Kipimo hufanyika akiwa na wiki 4 hadi 6. Watoto walioambukizwa wasipotibiwa, karibu nusu yao hufa kabla ya kutimiza miaka 2.
4. Dawa kiasi gani ziagizwe.

Kompyuta hujua ilichoambiwa tu
Mgonjwa akihama kimya kimya na kujiandikisha kwingine kwa jina jipya, huku huhesabiwa amepotea, na kule huhesabiwa mgonjwa mpya. Mhudumu hupanda milima kumtafuta mtu aliye salama, wakati aliyelala ndani bila dawa hajafikiwa. Tena hesabu ya dawa huharibika.

Na siri?
Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 yatulazimu wahudumu kutunza siri za mgonjwa. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kompyuta hufunguliwa kwa neno la siri, na ripoti tunazopeleka wilayani ni za hesabu, si za majina. Lakini neno la siri halifungi ulimi. Siri nyingi hutoka kwenye vinywa vya watu, si kwenye kompyuta. Kwa hiyo ukimwona jirani kwenye benchi la kliniki, usimtangaze.

Tufanye nini?
– Njoo na kadi yako, na utumie jina lile lile siku zote.
– Ukibadilisha simu au makazi, tuambie.
– Ukitaka kuhama, omba barua ya uhamisho. Hatutakugombeza.
– Mgonjwa akifariki, ndugu watoe taarifa kliniki, ili asiendelee kutafutwa.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo
1. Kwa nini wengine huficha jina lao wanapokwenda kutibiwa?
2. Jumuiya yetu ifanye nini ili mgonjwa asiogope kujulikana?