Namna ya Kupiga Picha Ndege Weusi Wanaong'aa katika Visiwa vya Lamu

Katika visiwa vya Lamu wako ndege wadogo ambao watu wengi huwataja kuwa weusi, kisha wasiwatazame tena. Mmoja ni kwezi mwenye tumbo jeusi, atembeaye kwa makundi akitafuta matunda yaliyoiva. Mwingine ni chozi dume mwenye koo la zambarau, afyonzaye utamu wa maua. Wakiwa kivulini, wote wawili ni weusi kama mkaa. Wakigeuka juani, mgongo wa kwezi huwaka buluu na kijani, na koo la chozi huwaka zambarau. Mpiga picha asiyejua siri ya mng'ao huo hurudi nyumbani na doa jeusi juu ya tawi, wala hakuna awezaye kusema ni ndege gani.

Hasara hiyo si ya uzuri peke yake. Kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 na kuonekana Mombasa mwaka 1947, amezidi mno katika pwani. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na hunyang'anya vifaranga vya kuku. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao milioni moja. Vita vya namna hiyo vikianza, hapana budi watu wamjue adui kwa hakika, ili kila ndege mweusi asihesabiwe kuwa kunguru. Picha iliyo wazi ni shahidi mwema. Kunguru wa Bara Hindi ni mkubwa, na shingo yake ni ya kijivu. Kwezi ni mdogo zaidi ya nusu yake, na jicho lake ni la rangi ya dhahabu au ya chungwa.

Yafaa kwanza kujua mng'ao huo watoka wapi. Hautoki katika rangi ya kutiwa, kama nguo itiwavyo rangi. Ndani ya unyoya mna chembe nyeusi za melanini, ambayo ndiyo iutiayo weusi ngozi na nywele za binadamu. Chembe hizo zimepangwa kwa tabaka nyembamba mno. Nuru ya jua hurudishwa na uso wa juu wa tabaka, na vilevile na uso wa chini. Miale hiyo ikikutana, rangi nyingine huzidishana nguvu na nyingine hufutana. Jambo hilo huonekana pia katika povu la sabuni, au katika mafuta ya injini yaliyotandaa juu ya maji gatini. Unyoya unaong'aa ukipondwa hata mpango wa tabaka ukavunjika, buluu na kijani hutoweka, na kinachobaki ni vumbi lenye weusi.

Kwa hiyo rangi ya ndege huyo hutegemea mahali jua lilipo, ndege alipo, na mpiga picha aliposimama. Kanuni ya kwanza ni kulipa jua kisogo. Mji wa Lamu unatazama mashariki, kwenye mkondo unaoutenga na Manda. Asubuhi, mtu asimamaye ukingoni na kuupa mkondo mgongo hupata jua nyuma yake, na miti ya mjini huwa imeangazwa vizuri. Jioni mambo hugeuka, naye hana budi kuhamia upande wa pili wa mti. Lamu iko karibu na mstari wa Ikweta, na jua la adhuhuri husimama utosini. Hapo tumbo na macho ya ndege huzama kivulini. Saa zifaazo ni tangu saa moja hadi saa tatu asubuhi, na tangu saa kumi alasiri hadi jua linapokaribia kuchwa. Wingu jepesi pia lafaa, maana hulainisha nuru kali.

Kanuni ya pili ni kutoiamini kamera kwa kila jambo. Kipimo chake cha mwanga hudhani kwamba kila kitu kina weupe wa kadiri. Ndege mweusi akiwa mbele ya mbingu nyeupe, kipimo hufuata mbingu na kumwacha ndege gizani; hapo yapasa kuongeza mwanga hatua moja au mbili. Akiwa ameijaza picha mbele ya majani meusi, kipimo huzidisha mwanga, na weusi wake hugeuka kijivu; hapo yapasa kupunguza kidogo. Mwenye simu aweza kugusa sura ya ndege kwenye kioo, kisha kupandisha au kushusha mwanga kwa kidole.

Kanuni ya tatu ni kulilenga jicho. Jicho likiwa kali na lenye nukta ya nuru, ndege huonekana hai. Chozi hatulii, kwa hiyo kamera yafaa ifunguke kwa muda wa sehemu ya 1000 ya sekunde, au mfupi zaidi. Afadhali kupiga picha nyingi anapogeuka, maana mng'ao huja na kutoweka kwa kuinamisha kichwa mara moja. Na kwa kuwa hewa ya visiwani ina chumvi na mchanga, lenzi ipeperushwe mchanga kwanza, ndipo ifutwe kwa kitambaa laini.

Mwisho ni adabu ya kazi. Mpiga picha asiukaribie mti wenye kiota. Mama akiruka kwa hofu, mayai hubaki wazi, na kunguru akaaye juu ya paa hukawii kuyaona. Basi mtu aliyekuja kumtukuza ndege kwa picha huwa amemfungulia mwizi mlango. Lililo bora ni kukaa mbali, kimya, karibu na mti wenye maua au matunda, na kumngoja ndege aje mwenyewe. Kila picha iandikwe tarehe, saa na mahali ilipopigwa, ili iwafae walimu, watoto wa shule na watunzaji wa ndege katika kumtenga mwenyeji na mvamizi.