Kila Jiko Lina Saa Yake

Anayetaka kuijua migahawa ya Dar es Salaam huanza kwa kuuliza wapi. Anatajiwa Magomeni, Kariakoo, Feri au Masaki, anakwenda, anakula, anarudi akisema chakula ni cha kawaida tu. Mara nyingi mahali alipoelekezwa hapakuwa na kosa; saa ndiyo haikuwa yake. Supu aliyosifiwa ni ya alfajiri, yeye kaifuata saa 7 mchana na kukuta mchuzi umeongezwa maji na nyama imechemka mpaka imekuwa nyuzi. Ndiyo maana ushauri ninaoutegemea kuliko mwingine wote ni huu: panga saa kwanza, mahali baadaye.

Jiji hili linakula kwa zamu. Kuanzia saa 12 mpaka saa 3 asubuhi ni supu, chapati, chai ya maziwa, maandazi na vitumbua. Saa 6 na nusu wali na ugali vinapakuliwa, na ikifika saa 8 sufuria za wapishi wazuri zinasuguliwa. Alasiri, kuanzia saa 10, mihogo, urojo na kahawa chungu. Baada ya magharibi mkaa unawashwa, na hapo ni mishkaki, kuku na chipsi mpaka usiku mwingi. Ijumaa ina utaratibu wake: baada ya swala, hoteli nyingi za Waswahili hupakua biriani na pilau ambazo siku nyingine huzioni, au ukiziona hazina nguvu ile. Jumapili, kinyume chake, usihangaike na migahawa ya Posta inayotegemea watu wa ofisini. Nenda mitaani, watu wanakoishi.

Supu inastahili kuzungumzwa kwa kirefu, maana ndiyo inayotenganisha majiko. Ukifika kwenye kibanda cha supu, usikimbilie kukaa. Simama mbele ya sufuria umtazame anayekata. Anachomoa pande la nyama kwa uma mrefu, analilaza juu ya gogo, analikatakata kwa kisu kipana, analisukumia kwenye bakuli, kisha anamwagia mchuzi unaofuka. Kabla kisu hakijashuka ndipo pa kusema unachotaka: nyama tupu, mchanganyiko, utumbo, ulimi au kongoro. Ukinyamaza utapewa kilicho karibu na mkono wake. Supu iliyopikwa vizuri ina mchuzi mwepesi wenye vijicho vya mafuta juu, na inanukia tangawizi na kitunguu saumu kabla hujaikaribia. Ionje ikiwa tupu. Baada ya hapo ndipo ukamue ndimu, utie chumvi na pilipili, kidogo kidogo. Wengi wetu hukamua ndimu nzima kabla ya kijiko cha kwanza, halafu hatujui kama tulikula supu ya mpishi au maji ya ndimu. Chapati nayo isubiri: omba iliyotoka kwenye kikaango sasa hivi, na ukiichana itazame kama inaachia tabaka. Ukikuta jiko la watu wa Kilimanjaro lenye mtori asubuhi, acha supu siku hiyo ule mtori.

Sasa mahali. Kwa mtu asiye na gari, na hata mwenye gari, njia rahisi ya kulizunguka jiji kwa tumbo ni mwendokasi. Mabasi haya yalianza kutoa huduma mwaka 2016, na njia za awamu ya kwanza, kilomita zipatazo 21 pamoja na matawi yake, zinapita katika mitaa ya ulaji wa kila namna: Kimara, Ubungo, Shekilango, Manzese, Magomeni, Fire, Kisutu, mpaka Kivukoni, na tawi la kuingia Kariakoo. Chagua kituo kimoja kwa wiki. Shuka, acha barabara kubwa, ingia mtaa wa pili au wa tatu, kwa sababu kandokando ya barabara kodi ni kubwa na mteja ni wa kupita. Ndani mteja ni jirani, na jirani akilishwa vibaya leo kesho harudi. Zunguka kwa miguu mtaa mzima kabla ya kuamua. Wiki ijayo shuka kituo kinachofuata. Wakati wa masika uliza kwanza hali ya Jangwani, maana bonde likijaa maji safari hukatizwa.

Ukiwa Kariakoo mchana kuna njia ya kulipata jiko zuri ambayo sijaona ikishindwa. Watu wa madukani hawaachi biashara kwenda kula, chakula huwafuata. Ukimwona dada au kijana amebeba sinia la sahani zilizofunikwa akipenya katikati ya watu na mikokoteni, msubiri ashushe mzigo, kisha muulize kwa adabu, “Dada, samahani, hiki chakula kinatoka kwa nani?” Wenye maduka wanakula hapohapo kila siku ya kazi, mwaka baada ya mwaka, na fedha ni yao. Hawakai na mpishi mbovu. Atakuonyesha uchochoro, pengine ngazi za kushuka, na huko utamkuta mama ntilie na hotpoti zake.

Ukishafika kwake, ubao wa vyakula usiuamini sana. Ubao huandikwa mara moja, jiko hubadilika kila siku. Uliza, “Mama, leo kuna nini?” na baada ya jibu uliza swali la pili, ambalo ndilo lenye faida: “Kipi kimetoka jikoni sasa hivi?” Swali hili linamheshimu mpishi na linakuokoa na samaki aliyekaangwa tangu asubuhi. Ukiambiwa kitu kimekwisha, usinune. Mama ambaye kisamvu chake huisha saa 7 na nusu amepika cha kutosha siku moja, hakubakiza cha kesho. Mimi namwamini zaidi huyo kuliko mwenye kila kitu saa 10. Na kama ni mara yako ya kwanza, kula kitu cha kawaida: wali na maharage, mchicha pembeni. Kuku wa rosti anaweza kufichwa na viungo. Maharage ya nazi hayafichiki, na wali ulioungua au ulioiva nje ukabaki na kiini utaujua tonge la kwanza.

Kuhusu usafi, watu huangalia sakafu na vitambaa vya meza. Tazama maji. Je, kuna ndoo yenye koki na sabuni, au unamiminiwa maji ya vuguvugu kwenye beseni? Sahani zinasuuzwa kwenye maji ya aina gani, na maji hayo hubadilishwa baada ya muda gani? Kisu cha nyama mbichi ndicho kinachokata kachumbari? Chakula kinachochemka mbele yako kina hatari ndogo hata kibanda kikiwa cha mabati na turubai. Kachumbari iliyokatwa asubuhi na juisi yenye barafu usiyoijua ni hatari hata juu ya meza ya kioo. Ukiwa na mashaka, kula cha moto, uache kibichi, unywe maji ya chupa iliyofungwa.

Samaki wana kalenda yao juu ya saa. Kituo cha mwisho cha mwendokasi, Kivukoni, kinakuacha karibu na soko la samaki la Feri. Mnada ni wa asubuhi, na hapohapo sokoni wapo wakaangaji wenye makarai makubwa: unanunua samaki wako, unakubaliana malipo ya kuparua na kukaanga, unasubiri. Mpya ana macho maangavu yaliyotuna na matamvua mekundu, na ukimbonyeza nyama inarudi. Vibua na changu ni wa kuanzia. Pweza na ngisi wataka mtu aliyezoea kuwapika. Dagaa wa baharini huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo siku za mbalamwezi huwa haba na bei hupanda. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, nao huwazuia wenye vyombo vidogo. Mwenye kibanda akikuambia samaki ni ghali wiki hii, huenda anasema kweli tupu.

Alasiri ni wakati wa kuonja bila kushiba. Mihogo ya Coco Beach inaliwa jua likianza kulegea, ya kukaanga au ya kuchoma, na kachumbari na pilipili juu; omba iliyotoka motoni, kwa kuwa muhogo ukipoa hugeuka mti. Urojo tumeupata kutoka Unguja, na kipimo chake ni ule mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe bichi au ukwaju: uwe mzito wa kushika kijiko lakini usiwe uji. Bagia, kachori na chipsi za muhogo zitiwe mwisho, mbele yako, la sivyo zitalowa. Mitaa ya Kisutu, penye mahekalu ya Wahindu, ina migahawa ya vyakula visivyo na nyama ambayo Waswahili wengi hupita mlangoni pake maisha yao yote bila kuingia. Ingia, uliza, watakueleza.

Kahawa nayo. Ile chungu ya birika, inayoletwa na muuzaji anayegonganisha vikombe vyake, haihitaji ushauri wangu ila mmoja: kaa barazani, usiinywe ukitembea, na uchukue kashata ya karanga. Kwenye migahawa ya kawaida ukiagiza kahawa, mara nyingi utaletewa Africafe, ya unga, inayotengenezwa na kiwanda cha TANICA kule Bukoba. Kama unataka ya kuchemshwa, sema mapema. Migahawa ya kahawa ya mashine, iliyo mingi Masaki, Mikocheni na Posta, ina bei ya juu, basi dai thamani ya fedha yako: uliza kahawa imetoka wapi na imekaangwa lini. Arabika ya Kilimanjaro, Mbozi au Mbinga ina uchachu mtamu. Robusta ya Kagera ina uchungu na uzito. Mhudumu asiyejua anauza nini hana sababu ya kukutoza vile.

Usiku, jicho liwe kwenye mafuta na kwenye mizani. Kwa chipsi mayai, tazama karai: mafuta meusi yenye povu yamechoka, ondoka. Yakiwa bado maangavu, omba viazi vikaushwe vizuri kabla mayai hayajamiminwa. Kwa nyama choma, chagua pande lako buchani, lipimwe likiwa bichi mbele yako, na mkubaliane bei kabla halijapanda motoni. Kisha vumilia; ya haraka hubabuka nje na kubaki mbichi ndani. Ndizi agiza nyama ikiwa imefika katikati, ili zisipoe zikikusubiri. Kwa kuku wa mkaa, Mamboz pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Mtaa wa Libya, karibu na kituo cha Kisutu, hupika jioni na hujaa, hivyo wahi.

Mwezi wa Ramadhani hubadilisha ratiba yote niliyoitaja. Mchana milango mingi hufungwa, na anayekula apate faragha. Lakini jioni futari huleta vitu ambavyo mwaka mzima havionekani kwa wingi: magimbi na mihogo ya nazi, kunde, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga. Asiyefunga naye hukaribishwa. Afike na kitu mkononi, asitangulie kula.

Fedha: beba noti ndogo. Noti ya shilingi 10,000 saa 1 asubuhi kwa muuza vitumbua ni usumbufu, hana chenji. Uliza bei ya samaki na kuku kabla ya kupakuliwa, maana hupangwa kwa ukubwa. Ukishaambiwa, lipa. Kupunguziwa bei ya sahani ya wali na mtu aliyeamka saa 9 usiku kuwasha moto ni jambo ambalo silipendi, na nasema hivyo bila kuficha. Saa za msongamano kula, nyanyuka, mwachie mwenzako benchi. Hadithi zina baraza zake. Picha omba kwanza. Mkienda wawili au watatu, kila mmoja aagize chakula tofauti mkachangie, ndivyo mtakavyolijua jiko kwa ziara moja. Kwenye simu andika mtaa, saa, chakula na bei. Na usimhukumu mpishi kwa siku moja. Rudi tena saa ileile, agiza kilekile.

Ukirudi mara ya tatu na ya nne, utaanza kuitwa kwa jina au angalau kuulizwa, “Kaka, kama kawaida?” Sasa unaweza kuomba kisicho kwenye ubao. Mama ntilie wengi wanajua kupika samaki wa kupaka, pweza wa nazi au ndizi nyama za nyumbani kwao, ila hawavipiki kila siku kwa kuogopa vitabaki. Mwambie jana yake, si asubuhi ya siku hiyo, kwa sababu sokoni anakwenda alfajiri. Mtajie idadi ya watu na saa mtakayofika, mwachie fedha ya kununulia samaki na nazi, na saa hiyo ikifika muwe mmeshanawa.