Kufunga ekzosi nyumbani

Swali: Msomaji wa Murongo, wilayani Kyerwa, ana Toyota Probox ya cc 1,500. Amenunua ekzosi ya nyuma isiyo ya kiwandani. Je, aifunge mwenyewe?

Jibu: Anaweza, ikiwa ni ya boliti na si ya kuchomelea. Adui mkubwa ni nati zilizoshika kutu; zipuliziwe dawa ya kutu usiku wa kuamkia kazi, bomba likiwa limepoa. Jeki peke yake haitoshi. Gari likae juu ya stendi, nazo ziwekewe mbao chini, maana udongo ulioloa mvua hudidimia.

Raba za kuning'inizia zikigoma, maji ya sabuni huzitelezesha. Gasketi iwe mpya. Boliti zisikazwe kabisa hadi bomba lote likae sawa, mbali na bodi na ekseli, kwa sababu litarukaruka kwenye makorongo.

Masega, yaani kisafisha moshi (catalytic converter), yasiguswe! Wapo wanaoyang'oa wakauze, kwani yana platini, paladiamu na rodiamu. Yakiondolewa, taa ya injini huwaka na moshi hutoka mchafu.

Majaribio yafanyike nje, kamwe si bandani: kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Sauti ya chif-chif kwenye maungio ni dalili ya uvujaji.

Na nguvu? Kwa injini hiyo, kinachoongezeka zaidi ni kelele, na Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2015. Anayevuka daraja la mpakani kwenda Kikagati, Uganda, atasikika na askari wa nchi mbili. Baada ya safari ya kwanza ya Nkwenda, humo wilayani, boliti zikazwe tena.