Kigezo cha Pamoja cha Kulinganisha Hazina Huria za Data

Swali la kwanza la wanaisimu wengi huwa: hazina ina maneno mangapi? Halitoshi. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki ina takriban maneno milioni 25 ya matini andishi. Common Voice ya Mozilla, iliyopokea Kiswahili mwaka 2021, hukusanya sauti za wanaojitolea kusoma sentensi. Utalinganishaje maneno na saa za sauti?

Misingi ya FAIR ya 2016 hudai data ipatikane, ifikike, ioane na nyingine, itumike tena. Ni misingi mizuri, ila haisemi nani atawale hazina. Kwa hiyo kigezo sharti kiulize pia: nani alichanga, na kwa leseni gani? Tena, mtafiti wa Kiamu ataionaje lahaja yake iwapo metadata yataja “Kiswahili” pekee?