Kontena: Sanduku Lililohamisha Bandari

Mwandishi wetu wa historia ya teknolojia anajibu maswali kuhusu uvumbuzi mmoja uliobadilisha biashara, miji na kazi za watu.

Tukitaja uvumbuzi tunafikiria injini ya mvuke, umeme, mashine ya kuchapa vitabu. Kwa nini kontena?

Kwa sababu tunapishana nalo barabarani kila siku bila kulitafakari. Simu iliyo mkononi mwako, tairi la bodaboda, robota la mitumba: karibu vyote vimefika ndani yake. Pia kisa chake kinaonyesha jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Kubuni kifaa ni hatua ya kwanza tu. Jamii hubadilika pale watu wengi wenye masilahi yanayogongana wanapokubali kukitumia kwa namna moja.

Kabla ya hapo mizigo ilipakiwaje?

Kwa mabega. Gunia, pipa, kreti, robota, kila kitu kilibebwa peke yake hadi gatini, kikawekwa kwenye wavu, kikanyanyuliwa kwa winchi na kushushwa ngamani. Huko chini makuli walikipanga kwa mikono na kulabu, wakikishindilia kisije kikahama meli ikipigwa na mawimbi.

Mwaka 1954 meli iitwayo Warrior ilipakia Brooklyn, New York, kwenda Bremerhaven, Ujerumani. Watafiti wakahesabu kila kilichoingia: vipande 194,582. Kupakia kulichukua siku 6, safari siku 10 na nusu, na kupakua siku 4, watu wakifanya kazi usiku na mchana. Lakini safari yenyewe ya baharini ilikula asilimia 11.5 tu ya gharama zote. Hata meli ingekuwa na kasi maradufu, mwenye mali asingeona nafuu kubwa. Fedha na muda vilikuwa vikiishia bandarini, na mali pia, maana wizi ulikuwa mwingi.

Je, mfanyabiashara Mmarekani Malcom McLean ndiye aliyevumbua kontena?

Anapewa sifa hiyo, na anastahili sehemu yake. Sanduku lenyewe lilikuwepo: reli za Ulaya zilikuwa zikibeba mizigo ndani ya masanduku makubwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. McLean, mzaliwa wa North Carolina wa mwaka 1913, alikuwa mtu wa malori. Hakulelewa na bahari, na naamini hilo ndilo lililomsaidia. Wenye meli walijiona wanaendesha meli. Yeye aliona mteja anataka mzigo wake ufike, basi, na meli ni kipande tu cha barabara.

Akauza kampuni yake ya malori, akaingia kwenye meli. Tarehe 26 Aprili 1956, meli ya mafuta iliyokarabatiwa, Ideal X, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58 juu ya sitaha. Kupakia shehena ya kawaida kulikuwa kunagharimu karibu dola 6 kwa tani. Kwa Ideal X hesabu ilitoka senti 16 hivi.

Wengi humtaja McLean wakaishia hapo. Mimi humtaja pia Keith Tantlinger, mhandisi wake.

Tantlinger alifanya nini hasa?

Ukikuta lori la kontena limesimama, tuseme linasubiri mizani pale Mariakani au Vigwaza, litazame pembeni. Kila pembe kati ya zile nane ina kipande kinene cha chuma chenye matundu. Tundu la chini ni la mviringo uliorefuka. Ndani yake huingia komeo lenye kichwa kilichochongoka. Ukilizungusha robo mzunguko, kichwa kinakaa mkingamo na hakitoki tena. Ndivyo kontena linavyoshikamana na trela, na kontena lenzake linalolilalia. Kreni nayo hushuka na makomeo manne ya aina hiyo hiyo, inauma pembe nne za juu na kunyanyua. Hakuna haja ya mtu kupanda juu na minyororo.

Uzito wa makontena yaliyopangwa juu hupita kwenye nguzo za pembeni tu. Zile kuta za bati lenye mikunjo hazibebi mzigo huo, ndiyo maana zinaweza kuwa nyembamba. Bila pembe hizo, meli za leo zinazobeba zaidi ya makontena 20,000 ya futi ishirini zisingewezekana.

Mbona halikuenea mara moja?

Kila kampuni ilikuwa na kipimo chake. McLean alikuwa na futi 35. Matson, iliyohudumia Hawaii, futi 24. Kontena la huyu halikuingia kwenye meli ya yule. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilichukua sehemu kubwa ya miaka ya 1960 kuwasuluhisha. Tantlinger alimshawishi McLean kuachilia hataza ya pembe na komeo, ili kila mtu atumie bila malipo, na pembe ya kimataifa ikajengwa juu ya wazo hilo. Vipimo vilivyoshika ni futi 20 na 40, na hakuna kati ya kampuni hizo mbili iliyopata kipimo chake. Kisha vikaja Vita vya Vietnam: jeshi la Marekani, lililozidiwa na msongamano wa mizigo bandarini, lilimpa McLean kazi mwaka 1967, na meli zake zikirudi tupu zikaanza kupitia Japani kuchukua bidhaa.

Nani aliumia?

Makuli, na mitaa iliyowategemea. Kati ya 1967 na 1981 magati ya zamani ya London, kuanzia East India hadi Royal Docks, yalifungwa moja baada ya jingine. Penye West India Docks leo pana maghorofa ya mabenki ya Canary Wharf. Manhattan na Brooklyn nazo zilipoteza meli, ambazo zilihamia ng'ambo, New Jersey, kwenye nafasi ya kutosha kupanga makontena.

Lakini maumivu hayakuwa sawa kila mahali. Pwani ya magharibi ya Marekani, chama cha makuli chini ya Harry Bridges kilikubali mashine mwaka 1960, kwa sharti la kulipwa mfuko wa kustaafu na wanachama waliokuwepo kulindiwa ajira. Nimesoma hoja nyingi za kulaumu makubaliano yale. Bado nayaona ya busara kuliko kungoja kufukuzwa.

Mombasa nayo ina historia yake. Mgomo wa Januari 1947, ambao Chege Kibachia alikuja kuwa kiongozi wake, ulisimamisha mji kwa sababu bandari haikwenda bila mikono ya watu wengi. Kontena lilipunguza mikono hiyo, na pamoja nayo nguvu ya mgomo.

Afrika Mashariki tumepata nini?

Kwanza, forodha kuweza kusogea bara. Bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1984, na kontena likaweza kufika huko likiwa na lakiri yake. Pili, bei: bidhaa za mbali, mitumba ikiwemo, zisingefika sokoni kwa bei ya sasa kwa mabega ya makuli.

Hasara iko kwenye safari ya kurudi. Makontena mengi huingia Mombasa na Dar es Salaam yamejaa na kuondoka matupu, kwa kuwa tunanunua vitu vingi vya viwandani kuliko tunavyouza. Mengine yanabaki, yakatobolewa dirisha, yakawa duka la dawa au kibanda cha M-Pesa. Ukipata moja la namna hiyo mtaani kwako, tazama pembe zake.